Kijiji Kinaruhusiwa Kukosea Mara Ngapi?

Chukua watu 5. Mmoja awe mafia, wanne wawe raia wema. Mchana wote wanapiga kura kumnyonga mmoja wao, usiku mafia anaua mwingine, na kwa kuwa hakuna raia anayejua lolote, tuseme kura ni za kubahatisha tu. Mafia atashinda takriban mara 53 katika kila michezo 100. Sasa mlete raia mwema wa tano. Kijiji kimepata mtu wa ziada, mafia amebaki yule yule mmoja, na mpita njia yeyote angesema wema wamepata nafuu. Hesabu inakataa: mafia sasa anashinda mara 62 au 63. Mlete mwingine, jumla wawe 7, mafia anashuka hadi 46. Mlete mwingine tena, anapanda hadi 55, yaani kijiji cha watu 8 kina hali mbaya kuliko kile cha watu 5 tulichoanza nacho.

Hakuna uchawi hapa. Kila mzunguko wa mchana na usiku unaondoa watu wawili, na mafia anahesabiwa mshindi pale idadi yake inapolingana na ya raia waliobaki, kwa kuwa hapo hawawezi tena kumzidi kura. Watu 5 wakinyonga asiye na hatia wanaamka 3, wanabahatisha mara ya pili, basi. Watu 6 wakikosea wanaamka 4, nao wanabahatisha mara ya pili, basi. Nafasi ni mbili kwa mbili, ila hawa wa pili wanachagua kati ya vichwa vingi zaidi kila mara. Yule wa sita hakuleta nafasi mpya ya kukisia. Ameongeza tu watu wa kukisiwa. Dawa yake ipo: wakijikuta idadi yao ni shufwa, siku moja wasimnyonge mtu. Usiku utamchukua mmoja, watabaki 5, na mambo yatarudi kwenye ile 53. Raia wa ziada atakuwa amekuja, amelala, ameuawa, na mchango wake wote kwa jamii ni huo.

Mchezo wenyewe, unaoitwa Mafia, ulizaliwa katika Idara ya Saikolojia ya Chuo Kikuu cha Moscow miaka ya 1980, na anayetambuliwa kuwa mwanzilishi wake ni Dimitry Davidoff. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin aliwavua mafia suti akawavika ngozi za mbwamwitu, kanuni zikabaki karibu zile zile. (Kisiwa cha Mafia kilichoko mbele ya delta ya Rufiji hakihusiki, na wakazi wake wanaweza kuendelea kuvua kwa amani.) Tangu hapo mchezo umezaa ukoo mzima wa michezo ya kadi, ya simu na ya televisheni, lakini mfupa wake haujabadilika: wachache wanaojuana wanapambana na wengi wasiojuana. Wachache wana habari, wengi wana kura. Kazi ya anayepanga mchezo ni kuamua habari kiasi gani inatosha kufidia kura ngapi. Anayeanza kazi hiyo kwa kuuliza mafia wawe wangapi kati ya watu wangapi ameshika mkia. Swali la kwanza ni kijiji kinaruhusiwa kukosea mara ngapi kabla hakijafa.

Kulijibu ni rahisi. Chukua jumla ya watu, toa idadi ya mafia mara mbili, toa moja, gawanya kwa mbili, na kama kuna nusu imebaki itupe. Watu 7 wenye mafia 2 wana kosa moja la kusamehewa. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke, na hapa haliachi kweli. La pili ndilo linalozika kijiji. Watu 9 wenye mafia 2 wana makosa mawili. Watu 12 wenye mafia 3 wana mawili, 13 wana matatu, na 14 wana matatu vilevile, kwa hiyo yule wa kumi na nne amekuja kulala na kuuawa kama mwenzake wa sita.

Msimamizi mwenye hesabu hii kichwani anaweza hata kushughulikia balaa ambalo vitabu vya kanuni hulipita haraka: mchezaji anayetoweka katikati. Mchezo ukichezwa kwa ujumbe wa simu kwa siku kadhaa, bando la mtu litaisha, au mke atajifungua, au atasahau tu. Akitoweka raia katika kijiji chenye watu 10 na mafia 2, hakuna kilichopungua: makosa yalikuwa mawili, yamebaki mawili. Akitoweka raia katika kijiji cha watu 9 wenye mafia hao hao 2, kosa moja limeondoka naye, na wenzake wataadhibiwa kwa uzembe wasioufanya. Msimamizi mwadilifu hapo hufuta mauaji ya usiku mmoja na kosa linarudi mahali pake. Mafia watalalamika. Waache walalamike; ni ushahidi kwamba wameelewa.

Idadi ya makosa, hata hivyo, haisemi ni rahisi kiasi gani kukosea. Tukirudi kwenye kura za kubahatisha, mafia mmoja analingana na kijiji mahali fulani kati ya watu 5 na 7. Mafia wawili je? Akili ya haraka inasema watu 12 hivi. Ukikaa na kalamu utaona kwamba kwa watu 13 mafia wawili bado wanashinda mara 60 katika 100, kwa watu 17 mara 54, kwa 19 mara 51 na ushee, na ni kwa watu 21 tu ndipo wanaposhuka chini kidogo ya nusu. Mark Braverman, Omid Etesami na Elchanan Mossel walilithibitisha jambo hili kwa mapana yake katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008: katika mchezo usio na mpelelezi, yaani raia anayeweza kumkagua mwenzake usiku, idadi ya mafia inayoleta ushindani wa haki hukua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Kwa lugha ya sokoni, ukitaka mafia mara mbili leta kijiji mara nne. Kundi dogo linalojuana ni hatari kupita ukubwa wake, jambo ambalo yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya harusi analijua bila kipeuo chochote.

Watafiti hao hao walionyesha upande wa pili, nao ndio wenye uzito kwa mpangaji. Weka mpelelezi, hata mmoja tu, na hesabu yote inageuka. Sasa ili mafia waweze kushindana lazima wawe sehemu maalumu ya kijiji, kiasi kwamba kijiji kikiongezeka mara nne nao waongezeke mara nne. Mtu mmoja mwenye uwezo wa kujua jambo moja kila usiku amehamisha mchezo mzima kutoka kanuni moja ya ukuaji kwenda nyingine. Raia kumi wasiojua kitu hawawezi kufanya hivyo.

Ndiyo maana watu 13 wenye mafia 3 ni mpangilio wa kawaida kabisa, ingawa bila majukumu maalumu na kwa kura za kubahatisha mafia hao wangeshinda mara 79 katika 100. Pengo hilo lazima lijazwe, na linajazwa kwa majukumu. Mpelelezi hukagua mtu mmoja kila usiku na kuambiwa ni mwema au mwovu. Daktari humlinda mtu mmoja asiuawe. Upande wa pili, mzuiaji wa mafia humchagua mtu na kumfanya usiku huo asiweze kutumia uwezo wake. Orodha kamili ni ndefu na inazidi kurefuka, kwa kuwa kubuni jukumu jipya ni kazi ya dakika tano na kulipima ni kazi ya miaka.

Tazama kwa karibu namna habari inavyofanya kazi katika mchezo mdogo. Watu 7: mafia 2, mpelelezi 1, raia watupu 4. Siku ya kwanza kijiji kinakosea, kinamnyonga raia mtupu. Kosa lao pekee limetumika. Usiku mafia wanachagua mmoja kati ya wema wanne waliobaki, na kwa kuwa hawamjui mpelelezi, ana nafasi tatu kati ya nne za kuamka. Naye amemkagua mmoja kati ya watano, wawili wao wakiwa mafia. Tuseme bahati imemkalia: amempata mwovu. Asubuhi wapo 5, wakikosea wamekwisha. Anasimama, anajitaja, anamtaja. Mtu ananyongwa, kweli ni mafia, furaha. Lakini mpelelezi sasa anajulikana, na usiku huo anauawa bila mjadala. Chochote alichokagua usiku wake wa mwisho anakwenda nacho kaburini. Wanabaki watatu, mafia mmoja na raia wawili wanaotazamana. Mpelelezi amefanya kazi nzuri sana na bado mchezo uko wazi. Huo ni mpangilio mzuri.

Sasa mgeuze raia mtupu mmoja awe daktari, badiliko la mtu mmoja tu. Mchezo unakwenda vile vile mpaka mpelelezi anajitaja na mafia wa kwanza ananyongwa. Wamebaki wanne: mafia, mpelelezi, daktari, raia. Usiku daktari anasimama mlangoni kwa mpelelezi. Mafia akimpiga mpelelezi, risasi imepotea na kesho kuna jibu jipya. Akimpiga mwingine, mpelelezi anaamka na jibu lake vilevile. Mzingo umekaza, na mafia aliyebaki hana la kufanya ila kuomba daktari awe mtu wa kujifikiria sana. Mpelelezi peke yake alikuwa na thamani fulani, daktari peke yake alikuwa na thamani ndogo, lakini wawili hao pamoja wana thamani kubwa kuliko jumla yao. Mzuiaji wa mafia aliingizwa ili kuivunja ndoa hiyo, na ndiyo maana mpangaji mzoefu akimwona mpelelezi na daktari katika orodha moja macho yake huenda moja kwa moja upande wa pili kumtafuta.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenda majedwali. Ted Alspach, mbunifu wa Ultimate Werewolf, aliipa kila kadi alama: raia wa kawaida ni +1, mbwamwitu ni −6, mwonaji, ambaye ndiye mpelelezi wa upande huo, ni +7. Jumlisha, na ukikaribia sifuri una mchezo wa haki. Watu 13 wenye mbwamwitu 3, mwonaji na raia 9 wanaleta −2, na jedwali linakupigia makofi. Ni kifaa cha maana kwa mtu aliyezungukwa na watoto wa kambi wenye haraka, na sina ugomvi na anayekitumia hivyo. Ila ni kifaa cha kujumlisha katika mchezo ambao mambo yake yanazidishana. Raia ni +1 awe wa sita au wa saba, wakati tumeona mmoja anadhuru na mwingine anaokoa. Mlinzi ana alama zile zile awe na mwonaji wa kumlinda au asiwe naye. Jedwali linajua bei ya kila kiungo, halijui mchuzi.

Kuna jukumu moja ambalo wapangaji wapya hulidharau, wakaliondoa kila wapatapo nafasi, nalo ni raia mtupu, asiye na uwezo wowote. Kila mtu anataka kuwa kitu. Mpangaji mpole anawasikiliza, anamgawia kila mmoja kijiuwezo, na mchezo unakufa siku ya pili. Kinachotokea ni hiki: kijiji kinaamua kila mtu ajitaje. Mpelelezi anasema yeye mpelelezi, daktari anasema yeye daktari, mlinzi, mwindaji, na kadhalika, kila mmoja na habari zake za usiku zinazoweza kulinganishwa na za mwenzake. Mafia naye lazima aseme kitu. Akidai jukumu lenye mwenyewe, wapo wawili na mmoja ni mwongo. Kijiji kitamnyonga mmoja leo na mwingine kesho, na kwa gharama ya kosa moja kimejipatia mafia mmoja wa uhakika. Akibuni jukumu, litachunguzwa. Palipo na raia watupu wengi, anasema tu “mimi raia wa kawaida” na anakaa kimya kama wengine. Raia mtupu ni kichaka cha mafia. Ukifyeka vichaka vyote usishangae wanyama wameonekana.

Steven Medway, Mwaustralia aliyebuni Blood on the Clocktower, alilielewa hili vizuri kuliko wengi. Katika mchezo wake hakuna raia mtupu hata mmoja. Kila mtu ana uwezo. Basi kichaka amekipanda kwingine. Wachezaji wakiwa 7 au zaidi, pepo, ambaye ndiye kiongozi wa waovu, huonyeshwa mwanzoni majukumu matatu mema ambayo hayamo mchezoni, ili awe na uongo salama wa kusema. Miongoni mwa wema wenyewe anaweza kuwamo mlevi, ambaye amepewa kadi ya uongo na anajiamini kabisa kuwa ni mtu mwenye uwezo, huku habari zote anazopokea hazina dhamana. Ukisikia ushahidi unaopingana, mwongo si lazima awe mwovu. Huenda yupo mwema aliyelewa bila kujua. Mafia wa zamani walihitaji watu wasio na la kusema ili wajifiche. Hawa wanajificha katikati ya watu wenye la kusema lakini wasioaminika, na anayesoma magazeti ataona huo ni msitu mnene zaidi.

Jedwali la idadi la mchezo huo linastahili kutazamwa polepole. Watu 7: wema wa kawaida 5, kibaraka 1 (msaidizi wa pepo), pepo 1. Watu 8: wanaongezewa mtu mmoja wa kundi linaloitwa la wageni, ambao wako upande wa wema lakini uwezo wao unawadhuru wenzao, mlevi ni mmoja wao. Watu 9: wageni wawili. Watu 10: wageni wanafutwa wote, wema wa kawaida wanapanda hadi 7, na vibaraka wanakuwa 2. Kisha mzunguko unarudi: 11 mgeni mmoja, 12 wawili, 13 hakuna mgeni, vibaraka 3. Ukiwa na watu 7 huwezi kuongeza theluthi moja ya mwovu. Waovu huja wazimawazima. Kwa hiyo kati ya ngazi moja ya mwovu na nyingine, mtu anayeingia upande wa wema anapewa mzigo wa kumpunguzia uzito. Ni skrubu ndogo ya kurekebishia pale nyundo inapokuwa kubwa mno. Sijaona suluhisho safi zaidi kwa lile tatizo la mtu wa sita.

Don Eskridge aliyebuni The Resistance alipita njia nyingine kabisa: hakuna anayeuawa. Watu wanachaguliwa kwenda kwenye operesheni, majasusi waliojipenyeza wanaweza kuihujumu kwa siri, na upande unaopata operesheni tatu kati ya tano unashinda. Majasusi ni theluthi ya wachezaji ikikadiriwa kwenda juu: 2 kwa watu 5 au 6, 3 kwa watu 7 hadi 9, 4 kwa watu 10. Hakuna kipeuo cha pili hapo. Wanakua sambamba na kundi, na ndivyo inavyotakiwa katika mchezo ambao kila operesheni iliyoharibika ni ukaguzi wa hadharani. Lakini theluthi iliyokadiriwa ina mikunjo yake. Mtu wa sita anapoingia majasusi hawaongezeki, na watiifu wangekuwa wamepewa zawadi ya bure. Eskridge ameitoza kodi kwenye ukubwa wa vikundi: operesheni ya tatu, ambayo kwa watu 5 inahitaji watu 2 tu, kwa watu 6 inahitaji 4. Watiifu wapo wanne kamili. Yaani lazima wawapate wote, bila kumkosea hata mmoja. Anapoingia wa saba jasusi anaongezeka, watiifu bado ni wanne, na sasa operesheni ya nne inayohitaji watu 4 ingekuwa dhuluma. Kwa hiyo kwa watu 7 na kuendelea operesheni hiyo haiharibiki mpaka zipatikane kadi mbili za hujuma. Anayecheza anaona tarakimu kwenye ubao. Hajui kwamba ni kesi zilizokwisha kuamuliwa.

Toleo lake la 2012, Avalon, liliongeza mtu anayewajua waovu tangu mwanzo, Merlin. Kwa tuliyoyaona kuhusu mpelelezi hilo lingetosha kuua mchezo. Haliui, kwa sababu wema wakishinda operesheni zao, waovu wanapewa nafasi moja ya kumtaja Merlin ni nani, na wakimpata ushindi ni wao. Anajua kila kitu na hawezi kusema waziwazi. Wanafunzi wengi wa mpelelezi wa kawaida wangefaidika na somo hilo: habari yenye gharama ya kuitamka hupimika kwa urahisi kuliko habari iliyowekewa idadi.

Nimekuwa nikizungumza kana kwamba lengo ni nusu kwa nusu, na wapangaji wengi hukubaliana hapo. Nusu kwa nusu ni sharti dogo mno. Rusha sarafu mwanzoni, kichwa mafia wameshinda, mwenge kijiji kimeshinda, kila mtu aende nyumbani: mizani kamili, mchezo hakuna. Mpangilio ambao mpelelezi akimpata mafia usiku wa kwanza kijiji hakishindiki, na asipompata hakiwezi kushinda, unaweza kuonyesha nusu kwa nusu baada ya michezo elfu moja, na kila mmoja wa hiyo elfu ulikuwa umeamuliwa kabla ya mtu kufungua kinywa. Mimi huangalia kitu kingine: ni kura ya ngapi ambapo bado kila upande una njia ya kushinda? Ikiwa ni ya mwisho au inayoikaribia, mpangilio ni mzuri hata kama upande mmoja unashinda mara 55. Clocktower inawaachia marehemu waendelee kuzungumza na inawabakizia kura moja ya kutumia watakapo, na faida yake kubwa iko hapa: mwisho wa mchezo unakuwa na wapiga kura wenye kumbukumbu, ingawa wengine ni maiti.

Televisheni imechagua kipimo chake. Kipindi cha The Traitors, kilichoanzia Uholanzi mwaka 2021 na kufika BBC Novemba 2022, ni mafia bila mpelelezi wala daktari. Msimu wa kwanza wa Uingereza ulikuwa na washiriki 22 na wasaliti 3 wa kuanzia. Kwa kanuni za kawaida waaminifu wakipata wasaliti mapema kipindi kinakwisha wiki ya pili, na hakuna mtangazaji anayelipia kasri la Scotland kwa wiki mbili. Kwa hiyo msaliti akitolewa, waliobaki wanaweza kuruhusiwa kumwandikisha mwaminifu mmoja ajiunge nao. Ukihesabu makosa yanayosamehewa katika mchezo wa namna hiyo hupati kitu, kwa sababu hata kupatia kunaweza kujazwa upya. Kilichosawazishwa ni idadi ya vipindi, navyo vilikuwa 12.

Hesabu ya watayarishaji iliacha pembe moja wazi. Mtu aliyeandikishwa karibu na mwisho, tena kwa kulazimishwa kuchagua kati ya kujiunga na kutoka, hana deni kwa kundi lake. Katika fainali ya Desemba 2022 msaliti wa aina hiyo alitolewa kwa kura, na wakati wa kuaga aliacha maneno machache yaliyowageuza waliobaki kumtazama mwenzake, aliyekuwa amedumu tangu siku ya kwanza bila kushukiwa vya kutosha. Mwenzake akatolewa muda mfupi baadaye. Waaminifu watatu wakagawana pauni 101,050.